Futa, Mara Mbili

Julai, Mwanjelwa, ghorofa ya pili juu ya duka la mbegu za viazi.
Baridi imenivaa vidoleni kama pete zinazobana.
Chini wanapakia magunia, wanahesabu kwa sauti;
juu, mimi na Ambakisye tunafumua programu
iliyoshonwa na mtu aliyeamini
kwamba njia ni moja na itabaki moja.

Kazi yake ni nyepesi kuitamka:
daktari wa Tukuyu afungue faili lililolala Mbeya
kana kwamba limelala mezani pake.
Picha ya kifua. Mbavu, kivuli, namba.
Asijue kuna masafa.
Asijue kuna Isongole,
ambako ukungu hushuka na kukaa juu ya mnara
kama kuku anayeatamia,
na pakiti moja ikipotea humo
zote zilizo nyuma yake hupanga foleni,
zenye haraka na zisizo na haraka,
zikiisubiri iliyoteleza.

Sasa imekuja itifaki mpya.
Haisimamishi msafara kwa ajili ya aliyeanguka.
Kila mzigo una kijia chake,
na kijia kikinyamaza, hujaribu kingine.
Tuliipenda kama vijana wanavyopenda pikipiki.

Lakini kila tulipokata, uzi ulitoka na nyama.
Sehemu ya kusoma faili ilijua umri wa waya.
Hata sehemu ya kuandika tarehe, sijui kwa nini,
ilikuwa imeng'ang'ania muunganisho
kama mtoto aliyekataa kuachia gauni.
Wiki tatu, tukachora mstari mmoja:
huku wanaojua faili, kule wanaojua njia,
katikati maneno manne tu,
fungua, peleka, pokea, funga.
"Msoma barua haulizi punda alikuwa wa rangi gani,"
akasema Ambakisye, akajisifu siku nzima.

Alhamisi, Sekela akapiga simu kutoka Tukuyu.
Sauti haikuwa ya ugomvi. Ingekuwa nafuu.
"Picha ya asubuhi haipo. Niliiona kwa macho yangu.
Mgonjwa bado yuko kwenye benchi."

Tulisoma kumbukumbu za seva mpaka soko likafungwa.
Saa nne na dakika sita: futa picha yenye kasoro.
Ikafutwa. Jibu likapotea ukunguni.
Sekela akaweka picha mpya, jina lile lile.
Na kile kijia cha pili, kitiifu, chenye nguvu zake,
kikafikisha amri ya kwanza tena:
futa.
Seva ikafuta.
Hakuna aliyekosea. Ndicho kilichoniuma.

Njia ya zamani, yule kobe tuliyemcheka,
alikuwa akikumbuka kwa niaba yetu.
Kitu kimoja, mara moja, kwa zamu.
Hatukumwomba,
hatukuandika popote kwamba tunamtegemea.
Tulidhani tunabadilisha miguu,
kumbe tumekata na kichwa.

Kumbukumbu tumeileta nyumbani.
Kila ombi sasa lina namba yake,
na seva ina daftari: hili nimelijibu,
nikiulizwa tena nitarudia nilichosema,
mkono sitauinua.
Daftari linakula nafasi. Ambakisye ananung'unika.
Mwache anung'unike.
Mgonjwa yule alipigwa picha ya tatu;
jina Sekela hakunitajia,
alisema tu kwamba gari la Masoko lilikuwa limeondoka
na mtu alilala Tukuyu bila blanketi.

Kwenye orodha ya njia nimeacha nafasi moja tupu.
Sijui itakayoijaza, kama itapita hewani au chini ya ardhi,
kama mimi nitakuwepo.
Kando yake nimeandika, kwa atakayefungua:
kabla hujafurahia kasi,
uliza iliyotangulia ilikuwa ikikubebea nini.

Chini wamemaliza kupakia.
Mmoja anasema thelathini na mbili.
Mwingine, thelathini na tatu.
Wanashusha. Wanaanza upya.