Jino Juu ya Bati

Nilipiga mistari kwenye daftari la hesabu:
maji, shule, zahanati, kodi, umbali.
Ndahani akaongeza safu ya sita, akaandika "upepo",
kisha akaiacha tupu.
Upepo wa kwao, alisema, haupewi alama,
unaingia tu na kukaa mezani kama shemeji.

Wiki tatu tulilala chumba kimoja kwa binamu yake,
Chang'ombe ya huku, si ile ya Dar,
mabegi hayajafunguliwa,
sufuria moja ndani ya nyingine.
Tabata tuliiacha na alama ya maji ukutani:
usawa wa kifua changu,
juu ya kichwa cha Nyemo.
Wakiniuliza kwa nini tumehama
huwa sielezi. Naweka kiganja kifuani: hapa.

Kisasa tuliona nyumba yenye vigae,
geti linafunguka bila kelele.
Kodi ya mwaka, kwa mkupuo.
Tukashukuru, tukamaliza soda tuliyokaribishwa
polepole, kama watu wanaofikiria.
Nkuhungu maji hutoka Jumanne na Ijumaa,
"yakipenda," alisema mwenye nyumba,
wala hakuona haya. Nilimpenda kwa hilo,
lakini choo kilikuwa cha kaya nne.

Halafu Hombolo.
Zabibu zimening'inia, shule iko jirani,
kodi ndogo hata tukadhani tumesikia vibaya,
na bwawa pale chini, linang'aa, limetulia.
Nikamshika Nyemo mkono
mpaka akalalamika, Mama, unaniumiza.
Usiku ule kwenye safu ya maji
nikaandika sifuri.
Sifuri, kwa sababu ya maji mengi.
Ndahani aliitazama sana. Hakuifuta.

Msalato tulifika jua la saa saba,
Chilewa mgongoni kalowa jasho, kalala.
"Mbukwenyi," alisema mama mwenye nyumba,
nami, mtoto wa pwani, nikajibu marahaba,
wakacheka wote wawili, hata mbuzi akageuka.
Vyumba viwili. Ufa mmoja ukutani.
Simtanki la lita elfu moja, nusu yake vumbi.
Shule ni dakika ishirini kwa miguu ya mtu mzima,
arobaini kwa miguu ya mtoto anayeokota mawe.
Nilikuwa najumlisha kichwani,
na jibu lilikuwa linakuja kuwa hapana,

ndipo Nyemo, aliyepewa karanga za kukaanga,
akatema kitu kiganjani.
Jino. Lile lililolegea tangu stendi ya Morogoro.
Hakuuliza mtu.
Alirudi nyuma hatua tatu, akarusha:
ko, ko, likabingirika kwenye bati,
likakwama kwenye mfereji mmoja, kimya.

"Sasa hatuwezi kuondoka," akasema,
damu kidogo mdomoni.
"Jipya litajuaje nilipo?"

Yule mama aliacha kuhesabu vidole.
Akatazama bati lake kana kwamba limekuwa la mtu mwingine.
"Miezi mitatu basi," akasema.
"Na ufa mtaziba wenyewe."

Sijui kama tulichagua.
Usiku upepo unapapasa paa lote,
nami nalala macho wazi nikisikiliza
kama utalichukua lile jino ukaenda nalo Singida.
Chilewa anakohoa vumbi. Kazi Ndahani hajapata,
ameahidiwa tu, na ahadi hailipi ada.
Zipo asubuhi naikumbuka Tabata,
naikumbuka kwa hasira, kama mtu aliyenikopa.

Jana Nyemo alileta mkaa kutoka jikoni,
akabandika mgongo ukutani, karibu na ufa tulioziba.
"Nipime, Mama. Wenzangu wote wamepimwa."
Mkono wangu ukagoma.
Mstari ukutani, kwangu, haujawa kitu cha mchezo.
Alisubiri. Pengo lake likaonekana,
na katikati ya pengo, kitu cheupe
kidogo kama punje ya uwele.

"Simama wima," nikamwambia.
"Usiinue visigino."