Boneti Wazi

Nyakalengija, Jumanne. Magari manane.
Wenyewe wamepanda asubuhi na fimbo zao.
Watarudi siku ya nane, midomo imebabuka,
wakidhani gari ni jiwe:
ukiliacha hapa, utalikuta hapa.

Mimi Ithungu ndiye mlinzi.
Nina kiti, tochi, fagio,
kopo la pilipili kichaa, na soksi.

Soksi ni za vioo vya pembeni.
Wahenga walisema nyani haoni kundule.
Hawakusema atafanya nini
akiuona uso wake.
Mimi nimeona. Alipigana na yule wa kiooni
tangu saa mbili hadi jua la utosi,
akashinda: kioo chini, adui hayupo,
akaenda zake kivulini akilamba kidole kilichochanika,
na mwenye Prado akala mshahara wangu wa mwezi.
Tangu hapo navivisha. Soksi za shule za Mbusa, mwanangu,
za kijivu, mistari miwili ya njano.
Hata meneja wa benki hushuka mlimani akalikuta gari lake
limevaa sare ya darasa la nne.

Kisha chakula. Nawauliza wote,
"Umebakiza kitu ndani?"
Daktari wa meno kutoka Mbarara aliapa hakuna,
na chini ya kiti nusu roleksi ilikuwa ikivunda kimya kimya.
Nyani hawakumsadiki. Waliung'oa mpira wa dirisha
kama mtu amenyavyo ndizi.

Lakini nyani ni wa mchana, na ana kelele.
Ninayemwogopa ni wa usiku,
panya, yule anayeuma na kupuliza.
Habishi hodi. Hupanda kwa gurudumu
injini ingali na joto la barabara ya Kasese,
akajilaza kama kando ya jiko,
na alfajiri hutafuna waya mmoja mwembamba
ambao bila huo tani mbili za chuma
ni banda la kuku.

Ndiyo maana naacha boneti wazi.
Panya hataki nyumba isiyo na paa.
Wapita njia hudhani magari yote yameharibika,
au yanapiga miayo.
Mvua ikija nazifunga, mbio, moja moja,
ikikatika nazifungua,
na huku mvua haijui kukatika.
Waulize magoti yangu.

Usiku wa Jumapili nilizifunga, nikalala, sikuzifungua.
Naandika ukweli.
Jumatatu, katika gari la daktari, kando ya betri:
sufi ya kiti, nyasi, kipande cha ramani ya mlima,
na sita wekundu wasio na macho,
kila mmoja sawa na harage.
Mama yao alinitazama. Hakukimbia.
Fagio lilikuwa mkononi.

Nina wanne. Wa mwisho nilimzalia katika stoo ya mtu,
juu ya magunia ya kahawa yasiyo yangu.
Nilisimama pale mpaka chai ikapoa.
Kisha nikachukua kofia aliyoisahau mgeni mmoja,
nikakiinua kiota kizima,
nikakipeleka nyuma ya choo cha zamani, kwenye rundo la mabua,
mama akinifuata kwa mbali
kama mtu anayedai.
Nimefuga wezi wa kesho? Huenda.
Waya mmoja ulikuwa umechubuliwa, ngozi tu.
Niliuzungushia utepe mweusi.

Jumanne daktari alishuka akichechemea,
akauliza mtandao uko upande gani.
Alizivua soksi za gari lake, akacheka, akanipa.
Nikashusha boneti kwa viganja viwili.
Ufunguo. Liliwaka mara ya kwanza,
na gari likiwaka mara ya kwanza
hakuna anayeuliza kwa nini.
Akatoa elfu tano dirishani.
"Kazi yako nyepesi, mama. Kukaa tu."

Aliacha mraba mkavu pale alipoegesha.
Tone likaangukia katikati yake, kisha la pili.
Niliinuka kuzifunga zilizobaki.