Ukurasa wa Tisini

Kitabu kimenifikia Posta ya Moshi.
Ukurasa wa tisini nimo, na begi lake mgongoni,
kila sentensi yangu kaing'oa meno.
Mimi! Niliyetandikwa na mwalimu Ndewirwa
hadi kila kitenzi kikajua wakati wake.

Na yeye, mama wa Glasgo, siku ya kwanza getini
nilidhani anaongea Kijerumani:
ndiyo yake "ai", kidogo "wii",
r zikiporomoka kama mawe ya Barafu.

Usiku ule hemani nilijaribu kumwandika alivyo.
Nikafuta, nikafuta.
Yaliyoandika ni masikio yangu ya Kimachame,
si mdomo wake.

Leo namjibu. Nimembakizia "wii" moja tu,
ile ya kule juu, midomo imempasuka,
akiomba maji.