Mtu wa Kipimo

Mimi ni karani. Kazi yangu kuandika nani kasema nini,
saa ngapi, na kama alizidisha dakika tatu alizopewa.
Jumanne ile, mjini Duluth, theluji imeganda kwenye madirisha ya baraza
kama ugali wa jana kwenye mwiko,
waliliingiza jengo kwa toroli.

Ghorofa thelathini na moja za karatasi ngumu na gundi.
Chini maduka. Katikati ofisi.
Juu nyumba, zikitazama ziwa ambalo halikuwekwa
maana meza iliishia pale.

Msanifu, Anneke Brandvold, alishika kijiti akaonyesha:
mtu ataamka hapa, atateremka kazini kwa lifti,
atanunua mkate kwa lifti, atarudi kulala,
Novemba hadi Aprili asivae koti.
Watu wakacheka. Nikaandika: kicheko.
Nikafuta. Kicheko hakina kifungu.

Akasimama Arvo Niemelä, kofia mkononi.
"Kivuli chenu kitanifikia saa tisa alasiri.
Jua langu lote la Januari
ndilo hilo la saa tisa."
Akaketi. Alikuwa na dakika mbili na nusu za ziada,
hakuzitaka.

Kisha Marlys Tveit, mchonga funguo wa pale pale kwenye kona
itakayochimbwa.
"Jengo langu lina ghorofa tatu," alisema.
"Chini nachonga. Katikati yuko daktari wa meno,
keekee yake naisikia nikinywa kahawa,
nami namsikitikia mtu nisiyemjua.
Juu nalala mimi.
Ngazi kumi na tisa kwenda kazini, miaka arobaini na moja.
Sasa hiki mnachoniuzia
si ndicho mnachonibomolea?"

Hakuna aliyejibu. Bomba la joto lilikohoa ukutani.

Nami nisifiche: nilikuwa nimeshachagua dirisha.
Ghorofa ya ishirini na mbili, kona ya mashariki.
Napanda mabasi mawili kila alfajiri,
vidole vya miguu vimekufa ganzi ndani ya soksi mbili mbili,
na wakati Marlys akisema
mimi nilikuwa napanga sufuria.

Akainama juu ya meza. Mlangoni pa jengo
palisimama kimtu cha plastiki, koti jekundu,
hakina uso.
"Huyu anakaa ghorofa ya ngapi?"
"Huyo hakai," msanifu akasema, kwa upole kabisa.
"Huyo ni wa kipimo tu,
ili tujue urefu wa mlango."

Waliahirisha hadi Machi. Kura tano kwa nne.
Toroli likatoka, gurudumu moja likilia,
na baada ya viti kukunjwa nikakiona kimtu zuliani,
kimeanguka kifudifudi, bila kelele.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
sikukiandika.
Nikaenda nacho stoo, penye jengo gizani,
nikahesabu ghorofa kwa ukucha hadi ya ishirini na mbili,
nikajaribu kukiingiza.

Madirisha yalikuwa yamechorwa.

Nikakitia mfukoni pamoja na funguo zangu.
Mbili kati yake alizichonga Marlys.
Moja hukwama kidogo kwenye baridi,
lakini hufungua.