Hesabu ya Mifuko Sitini

Amka, mdogo wangu wa shaba,
kumekucha Tororo, kiwanda kimeshapumua,
na vumbi la saruji limekuvika tena kilemba
ingawa usiku nilikufunika kwa leso.
Ngoja nikuoshe: maji ya vuguvugu, maziwa kijiko kimoja
(ni ya jana, nisamehe, ng'ombe wa Nyachwo kagoma)
na jani la mrihani kutoka kwenye lile kopo
lililokuwa na rangi ya kijani, sasa lina kijani chenyewe.

Mama mkwe alinifundisha kukuamsha kwa kengele.
"Usimwombe kitu kabla hajanywa," alisema,
"hata mgeni wa kawaida humkabi mlangoni."
Basi kunywa. Halafu nina neno.

Ni ile mvua ya Jumanne.
Wewe ulikuwa umelala, mimi nilikuwa nimelala,
bati la stoo halikulala: liling'oka, likaruka
mpaka kwa fundi baiskeli,
na mifuko sitini ya saruji, yote ya mkopo,
ikanywa usiku kucha kama wazee kwenye chungu cha malwa.
Asubuhi ilikuwa mawe.
Mawe yenye mikunjo ya karatasi, yenye shingo, yenye tumbo.
Niligonga moja kwa nyundo. Nyundo ililia, jiwe halikulia.
Nikakaa juu yake na sari yangu ya dukani, nikalisaidia.

Tunafundishwa: jembe umepewa, gunia hukupewa.
Nimeliimba hilo tangu nywele zangu zikiwa mikia miwili.
Ni rahisi kuliimba ukiwa mtoto, gunia likiwa la baba.
Meneja wa benki hajui wimbo huo.
Yeye gunia lake analitaka mwisho wa mwezi.

Nilikununia siku mbili, unakumbuka.
Nilikuosha bila kusema nawe,
joho lako la njano nikalivika kinyume,
sukari nikakupa kwa punje, nikihesabu.
Nawe ukatambaa vilevile,
mkono mmoja umeshika donge la siagi,
usoni cheko la mtoto aliyeiba na bado hajakamatwa.

Siku ya tatu Oketcho, kijana wa mizigo, akaniuliza,
"Mama, haya mawe una mpango nayo?"
Nikamwambia ayatupe. Hakuyatupa.
Aliyabingirisha moja moja hadi mtaroni nyuma ya duka,
pale watoto wa shule wanapovua viatu mvua ikinyesha,
akayapanga ngazi, za kushuka na za kupanda,
yaliyobaki akayafanya ukingo.
Hakuomba hata pesa ya chai.
Nilipomuuliza nani kamtuma, alishangaa:
"Kwani mtaro nao una mwenyewe?"

Usiku nilifungua daftari.
Safu ya waliolipa, safu ya wanaodaiwa, safu ya hasara.
Safu ya ngazi sikuiona.
Oketcho hajawahi kuimba nawe;
Jumapili yuko kwa Wakatoliki, anapiga ngoma.
Lakini jembe alilishika, na gunia hakuliulizia.

Sasa nisikilize, maana maziwa umemaliza.
Deni lipo palepale. Goti langu lipo palepale.
Mwanangu aliye Uingereza hajapiga simu tangu Diwali.
Mimi sijawa mtakatifu:
bado nataka lile bati lirudi lenyewe
na misumari yake yote,
na meneja asahau jina langu.
Ila leo, kabla sijakuamsha,
nilisimama dirishani na mswaki mdomoni
nikamwona msichana mdogo, soksi nyeupe,
akishuka juu ya hasara yangu, mfuko baada ya mfuko,
akatokea ng'ambo ya pili bila tone la tope.
Hakutazama juu.
Nami sikumwita.

Nikaja kukuchemshia maji.