Dirisha Namba Tatu

Dervla, dada yangu, leo nimechukua tiketi,
themanini na nne,
nikasimama nyuma ya fundi bomba wa Roscrea
ambaye mwaka juzi alikuwa na wanaume tisa chini yake
na sasa amebaki na koti.
Mvua ya Nenagh, ile isiyonyesha wala isiyokoma.
Foleni imefika hadi duka la viatu,
na mwenye duka ametoka mara mbili
kutuomba tusimzibie bei zake.

Nilijua uko zamu.
Niliomba dirisha la kwanza, nikaomba la pili.
Tiketi haina masikio.

Jumapili ile kwa Mama, viazi vikifuka moshi,
nilisema yale ninayoyasikia redioni tangu alfajiri:
kwamba nyinyi wa serikali mna kazi mpaka kaburini
na pensheni hata huko,
ilhali sisi kibarua huota nyasi
kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.
Nikasema, mwenye shibe...
Sikumalizia. Methali ile haihitaji kumaliziwa.

Ukaweka uma mezani.
Hukupandisha sauti; ndiyo tabia yako inayoniudhi.
"Mwaka ule uliponunua lile gari jeusi,
ulinichekea mshahara mbele ya mume wangu,
ukasema petroli yako inauzidi.
Sikukuomba hata lita.
Sasa wamenikata mara moja, wamenikata tena kabla ya Krismasi,
na jana, mlangoni pa kanisa,
mama wa watu kaniita kupe."

Mama alifungua bomba ili asitusikie.
Sahani tatu, akazisuuza nusu saa.

Tulikula na makoti mwilini.
Mimi nilidhani una haraka ya kuondoka,
nawe, nadhani, ulidhani vivyo hivyo.
Kumbe mafuta ya kupashia nyumba yalikwisha tangu Alhamisi
na yeye hakutaka kumwomba yeyote kati yetu
mbele ya mwingine.

"Themanini na nne."

Unaniuliza jina. Kanuni ni kanuni.
Nalitaja herufi kwa herufi,
jina ulilonifundisha wewe kuliandika kwa chaki
kwenye sakafu ya banda la ng'ombe.
Unauliza tarehe ya kuzaliwa, nawe ulikuwepo,
ulitumwa kumwita mkunga, ukapotelea kwenye mablakiberi.
Unauliza jina la mama kabla ya kuolewa.
Hapo kalamu ikasita.
Nikalitaja. Ukaliandika.

Kwenye kona ya chini ya kioo,
karibu na kile kitundu cha kupitishia karatasi,
kuna muhuri mdogo kama ukucha wa mtoto.
Alama ya kiwanda chetu.
Kioo cha tabaka mbili, nyundo haikivunji.
Nilikikata mimi, zamu ya usiku, ama Wojciech wa mashine ya pili
aliyerudi kwao Bydgoszcz na deni la mkufu wa mkewe.
Serikali iliagiza kumi na viwili, ikalipa kwa wakati,
tukanywa mpaka kukapambazuka.
Hakuna aliyeuliza vinamkinga nani na nani.

Chini ya fomu nilificha noti mbili za ishirini, za mafuta ya Mama.
Ukazisukuma nje kwa kidole kimoja.
"Hapa sipokei fedha, Fintan. Watasema hongo."
Ukatazama kamera, ukaitazama foleni,
kisha, kwa sauti ya nyumbani, bila kuinua uso:
"Lori linafika saa kumi. Mimi natoka saa kumi na moja.
Uwe pale. Lile geti halifunguki
mpaka uliinue kwa bega."

Nikauliza nitie sahihi wapi.
"Hapo," ukasema. "Na tarehe."
Nikaitia tarehe ya jana, ukaisahihisha,
ukaita themanini na tano.