Nitakuwa Nikibangua Jozi

Mwalimu Lamara ameandika ubaoni
kwa chaki iliyolowa:
neno la utashi, neno la kuwa,
kisha kitenzi kilichofungwa mkia.
Kutaisi imenyewa na mvua tangu alfajiri.
Hita ya gesi inakoroma kama marehemu mume wangu,
nasi watu tisa, vidole vikinuka vitunguu,
tunajifunza Kiingereza cha kesho.

"Nitapika ni ahadi," asema,
"au wazo lililokuangukia sasa hivi.
Lakini nitakuwa nikipika,
hapo mgeni anafungua mlango katikati ya jambo:
sufuria linapumua tayari,
hakukuona ukiwasha,
hakungoji uzime."

Gocha, dereva wa malori, anainua kidole.
"Alhamisi, saa nane usiku, nitakuwa nikivuka mpaka."
"Vizuri. Na saa kumi na moja?"
"Nitakuwa bado nikivuka mpaka ule ule."
Tukacheka, hata Lamara, hata hita ikazimika.

Mimi nina miaka hamsini na tisa.
Ishirini na miwili nimefagia shule hii;
ubao huu naujua kwa kitambaa.
Nimekaa dawatini kwa ajili ya mtoto mmoja,
mwana wa binti yangu Mzia, mzaliwa wa Cork,
ambaye lugha yangu huitema kama dawa.
Senani hunipungia mkono kwenye simu,
halafu humtafuta paka.

Lamara hufundisha pia adabu.
Ukimwuliza mtu, utakuja?
umeshamkamata ukosi.
Ukimwuliza, utakuwa ukija?
umegusa pazia tu,
umeulizia safari zake, moyo wake umeuacha.
Nikaandika pambizoni, harakaharaka:
Mzia, utakuwa ukija wakati wa zabibu?
Miaka saba nimekuwa nikimkamata ukosi.

Kisha akatupa la mwisho, akiwa amevaa koti:
umbo hilo la kesho hutumika pia kwa leo,
kwa jambo linalotendeka sasa hivi
mahali usipopaona.
Saa hii atakuwa akila. Atakuwa amechoka, atakuwa akilala.
Darasa likanyamaza.
Kila mtu akaitazama saa ya ukutani, akaanza kutoa.
Natela akatoa mbili, akampata mumewe Thesaloniki.
Gocha akatoa tisa,
akasogeza midomo kama anayehesabu chenji.
Mimi nikatoa nne:
Senani atakuwa akivua viatu bila kufungua kamba.

Kazi ya nyumbani: sentensi moja, kwa mtu halisi.
Nikaandika, Nitakuwa nikikupenda.
Ikarudi na wino mwekundu.
Vitenzi vya moyoni, alisema, havifungwi mkia huo:
kujua, kuamini, kupenda.
Andika nitakupenda, inatosha.
Nikabisha. Nikasema mapenzi si kiberiti
kwamba unawasha mara moja, basi;
yana kudeki, yana kupanga foleni benki,
yana Jumanne.
Akanitazama kwa muda.
"Najua, Tsisana. Lakini mtihani haujui."

Basi nikatafuta kitenzi kinachoruhusiwa.
Nilipekua jikoni kama mwenye kupoteza pete.

Jumapili, saa mbili usiku kwangu, alasiri kwake,
simu imeegemea kopo la chumvi.
Nimeisema nikiwa nimeshika kingo za meza,
utashi, kuwa, mkia, vyote mahali pake:
Senani, kila Jumapili utakaponipigia,
nitakuwa nikibangua jozi.

Hakumtafuta paka.
Alisogea mpaka pua ikajaza kioo,
akaitazama nyundo, maganda, vidole vyangu vyeusi,
akauliza neno moja tu:
Kwa nini?

Sababu, amesema Lamara, ni somo la mwezi wa tatu.
Nikachukua jozi nyingine.